Nadhifu Hakuulizi Wewe ni Mtoto wa Nani

Paskali,

Salamu utazisubiri. Najua barua huanza kwa kujuliana hali, lakini hali yako naijua: umelala Singe, nyuma ya nyumba ya mama yako, na nyasi zimeshaanza kuota juu yako. Hali yangu utaijua sasa hivi. Nina hasira. Nina hasira na Ema, nina hasira na watu wa kampuni kule Arusha, na kuliko wote nina hasira na wewe. Umekufa vibaya. Umekufa wakati ambao hukupaswa kufa, ukaniachia maneno yako niyasemee mimi, wakati unajua kabisa kwamba mimi nikikasirika maneno yananikwama kooni.

Nitakueleza tangu mwanzo, maana hukupenda hadithi inayodakwa katikati.

Ema alishuka na basi kutoka Arusha, akaja moja kwa moja dukani kwangu Bagara, begi bado mgongoni. Alikuja na toleo jipya la mchezo wetu. Bado halijaingia mtamboni, ni nakala moja tu ya mfano, lakini ilikuwa na jalada gumu na rangi, na jina limenyanyuka ukiligusa: Wageni wa Kwaraa. Nililigusa, Paskali. Nilifuta mikono kwenye kanga kwanza. Unakumbuka tulivyokuwa tunachapa sisi, kwenye mashine yangu ya fotokopi, kurasa tunazibana kwa pini na picha zako zinatoka na doa jeusi upande wa kushoto kwa sababu mashine ilikuwa inavuja wino. Siku Ema alipopiga simu kusema kampuni imekubali kuuchapa, ulikuwa bado uko. Ulitoka dukani kwangu unapiga mluzi, ukasahau kofia juu ya kaunta. Ile kofia iko hapa. Sitaki kuizungumzia.

Watu wakiniuliza huo mchezo ni mchezo gani, siku hizi inabidi nieleze mimi, na mimi sina ufundi wako. Nasema: watu wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine ni wageni wanaopanda mlima Kwaraa, ambako kila pango lina mwenyewe na wengi wa wenyewe ni mazimwi. Msimulizi anasema wanachokiona, wageni wanasema wanachofanya, dadu zinaamua. Hapo mtu ananikatisha: sasa anashinda nani? Wewe ulikuwa unajibu, anashinda anayerudi kwao. Mimi nasema hivyohivyo, neno kwa neno, na hakuna anayecheka.

Basi nikafungua. Kurasa za mwanzo nzuri, mlima umechorwa vizuri, hata ziwa na viboko wake limo. Nikafika mahali pa zimwi kuu. Mahali pa Nadhifu.

Nikakuona wewe.

Nisikilize. Sikuona zimwi linalofanana na wewe, nilikuona wewe. Matege yako, magoti yametazama nje, nyayo zimerudi ndani. Meno yako ya kahawia. Kovu lako la nyusi, lile la jembe. Mpaka mkono wa kushoto umeinuliwa karibu na mdomo, kama ulivyokuwa unaziba ukicheka, ila sasa una kucha ndefu na unadondosha matope. Ema amekuotesha pembe. Amekutoa ziwani na macho mekundu, na chini yako amechora wageni wadogo wanakukimbilia na mikuki.

Nikainua kichwa. Ema alikuwa ananitazama, machozi yamemjaa, anatabasamu. Anasubiri nimshukuru! Akasema, "Nimemuenzi, Vero. Sasa hafi tena. Nchi nzima watamjua."

Mwalimu mmoja alikuwa amesimama pale anasubiri mitihani yake itoke kwenye mashine. Shahidi ni yeye. Nilimwambia Ema atoke dukani kwangu. Nilimwambia na mengine ambayo mama yangu akiyasikia ataniombea. Mwalimu akachukua mitihani yake ikiwa nusu akasema atarudi. Ema akabaki amesimama mlangoni na lile begi lake, anauliza nimekosa nini, Vero, niambie nimekosa nini. Na mimi, kama nilivyokwambia, maneno yakanikwama.

Kwa sababu jibu lilikuwa lako. Ulinipa mimi, ukaniambia nisimpe Ema.

Tulikuwa kidato cha tatu. Yule mwalimu wa kujitolea alikuwa amerudi kwao akatuachia mchezo wa kizungu, dadu zenye pande nyingi na kitabu kinene cha mazimwi. Wiki ile Ema alikuwa kitandani na malaria. Tulibaki darasani wewe na mimi, wewe unafunua, mimi natafsiri. Mwanzoni ulikuwa unafurahi, wewe mtu wa kuchora, umekutana na picha za kuchora. Halafu ukaanza kuhesabu kwa sauti. Huyu ana kibyongo. Huyu anachechemea. Huyu meno yameoza. Huyu jicho moja. Huyu miguu imepinda. Hakukuwa na zimwi hata moja lililosimama wima. Ukafunga kitabu taratibu, mkono ukaenda mdomoni, nikadhani utacheka.

Ukasema, "Vero, humu ndani niko mimi tu."

Wewe ukaendelea, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Ukasema maji ya kisima chenu, kwa yale madini yake, yalikupa meno haya na miguu hii, na hukuwahi kuyaomba, na sasa kumbe kuna watu ng'ambo huko, hawajafika hata Nangara, wameketi wamekuchora. Halafu ukasema nisimwambie Ema. "Atanionea huruma, na huruma ya Ema ina kelele."

Kesho yake ulikuja na Nadhifu. Nakumbuka ile karatasi, ilikuwa nyuma ya kalenda. Mtu mrefu, miguu imenyooka kama ya meza mpya, shati limepigwa pasi, meno meupe yote yako mahali pake. Ukasema zimwi kubwa la mlimani ndilo hili. Nikakuambia, mbona halitishi? Ukaniuliza, "Mzee akikukuta njiani jambo la kwanza anakuuliza nini?" Nikasema, baada ya shikamoo na marahaba, anauliza wewe ni mtoto wa nani. Ukasema, "Nadhifu hakuulizi."

Mchezo wote ukazaliwa pale. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wewe ukaifanya sheria. Mgeni akifika pangoni anapiga hodi, anaamkia, zimwi linamuuliza kwao ni wapi, wewe ni mtoto wa nani, na mgeni akijieleza vizuri zimwi haliwezi kummaliza. Litachukua sikio, litachukua mbuzi, litachukua jina lake kwa muda, lakini atarudi nyumbani. Mazimwi yako yote yalikuwa mabaya na yote yalikuwa na adabu. Isipokuwa Nadhifu. Yeye anakukaribisha vizuri, anakupa kiti, anatabasamu, na hakuulizi kitu, na usipoulizwa huna pa kujielezea, na anakula mpaka mwisho. Watu wazima walikuwa wanasisimka mezani kwetu. Yule dada wa saluni aligoma kucheza mwezi mzima.

Sasa Ema angeyajua wapi hayo? Yeye alidhani unapenda tu zimwi lililovaa vizuri, kwamba ni mzaha. Na wewe ulimsaidia kudhani hivyo! Ukiwa msimulizi ulikuwa unapanda juu ya kigoda, unapanua matege yako zaidi ya yalivyo, unanguruma, na unaonyesha meno yote. Ndiyo saa pekee uliyokuwa huzibi mdomo. Ema anakukumbuka hivyo. Anasema hajawahi kukuona na furaha kama ukiwa zimwi. Nami siwezi kumwambia ni mwongo, kwa sababu ni kweli, ulikuwa unafurahi. Hilo nalo nakulaumu. Ulijua unachofanya, ukamwacha rafiki yako akitazama bila kujua anachotazama.

Na tukiwa kwenye lawama, acha nizimalize. Uliniambia unakwenda Singe mara moja tu kumpelekea mama mbegu za mbaazi. Mvua inanyesha, naiona, wewe unaiona. Nikakuambia ngoja ikatike. Ukapanda bodaboda, mkakaa mshikaki watu watatu, wewe katikati, na dereva kijana anayedhani barabara ya lami ameijenga baba yake. Lori la vitunguu mlilogongana nalo halikuwa na kosa, wote wamesema. Miguu yako haikuwahi kukuangusha hata siku moja, Paskali. Ulipanda nayo Kwaraa mpaka juu wakati mimi nilikalia jiwe nalia. Umeuawa na haraka ya mtu mwingine. Na msibani akasimama bwana mmoja wa mtaa, hata jina lako la pili halijui, akasema tumempoteza kijana mlemavu aliyekuwa na moyo wa kujituma. Mlemavu! Nilikuwa nimeshika sufuria ya makande. Mshukuru Mungu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Turudi kwa Ema. Nilipomfukuza aliacha kitabu juu ya kaunta, na hakurudi Arusha. Alikwenda Singe kumwamkia mama yako, na sukari na sabuni, kama mtu aliyelelewa vizuri, kwa sababu amelelewa vizuri, hilo simnyimi. Na huko, kwa ule mdomo wake, akamwambia Mama Paskali kwamba wewe umo ndani ya kitabu. Mama akanitumia ujumbe kwa jirani: Vero aje, na kitabu kije, nimwone mwanangu.

Nilikwenda ili nizuie. Njiani nilipanga uongo wa kila aina, kwamba kitabu kimelowa, kwamba nimekisahau. Nikafika nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mkono na hakuniachia mpaka nimekaa. Ema alikuwa kwenye kochi, magoti yameshikana kama mtoto anayesubiri sindano. Mama akafuta meza, akasema haya. Utamdanganyaje mwanamke anayefuta meza ili umwekee mwanawe?

Nikafungua.

Alitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kovu, akapitisha kwenye mguu, kutoka juu mpaka chini. "Ndiye," akasema. Nikaona uso wa Ema unafunguka, na nikajisikia nimeshindwa, nikajisemea moyoni, haya, labda mimi ndiye mwenye kichaa, mama mwenyewe ameridhika.

Halafu akauliza. Mama yako unamjua, ametuona tukicheza mchezo huu sebuleni kwake akiwa anapukuchua mbaazi, hajawahi kurusha dadu lakini sheria anazijua kuliko Ema. Akasema, "Na yeye anawauliza wageni kwao?"

Ema akasema, "Hapana mama, huyu haongei. Anatoka majini anawavamia."

"Hawamwamkii?"

"Kwenye toleo hili tumeondoa hayo, mama. Wamesema yanachelewesha mchezo."

"Na wageni wanamfanyaje?"

Ema akakitazama kitabu. Mama akamngojea, na unajua anavyongoja, mikono mapajani, hana haraka. Ndipo mama akanisogezea kitabu kwa sababu miwani yake imevunjika, akasema, "Nisomee, Vero mwanangu."

Pembeni mwa picha kulikuwa na kisanduku cha rangi. Sikuwa nimekisoma dukani, nilikuwa nimeona picha tu nikapata wazimu. Nikasoma kwa sauti kabla macho yangu hayajaelewa. Udhaifu wake: magoti. Pigo la magoti huhesabiwa mara mbili.

Kuku waliokuwa nje niliwasikia wote, Paskali.

Mama akasema, "Magoti." Akasema tena, polepole, kama anayejaribu kukumbuka neno la lugha nyingine, "magoti." Halafu akamgeukia Ema, wala si kwa ukali, ningependa angekuwa mkali. "Haya magoti niliyakanda kwa samli tangu anajifunza kusimama. Asubuhi na jioni. Nilikuwa nasema yatanyooka."

Akafunga kitabu. Akakifunika na kile kitambaa cha mezani alichokidarizi mwenyewe, chenye maua, akaenda jikoni kuchemsha chai. Tukaletewa chai na viazi. Mimi nilikunywa kwa sababu hukatai chai ya mama yako. Ema alishika kikombe mpaka kikapoa.

Tulipotoka nilimwambia. Ahadi yako nimeivunja na usininunie, hukuniachia njia. Nilimweleza habari ya kile kitabu cha kizungu, na maneno uliyosema, humu ndani niko mimi tu. Ema alikaa chini pembeni mwa shamba la mbaazi, na suruali yake ya mjini, kwenye udongo wenye maji. Hakupiga kelele. Ulikosea, Paskali, huruma yake siku ile haikuwa na kelele hata kidogo. Aliuliza swali moja tu, "Kwa nini hakuniambia mimi?"

Na mimi nakuuliza wewe. Kwa nini hukumwambia? Mmesoma pamoja, mmelala kitanda kimoja likizo nzima, mmegawana hata viatu. Uliogopa huruma yake, basi tazama kilichokuja mahali pa huruma. Kilikuja kisanduku cha rangi kinachowafundisha watoto wa Tanzania nzima wapi pa kukupiga. Na aliyekichora ni mtu aliyekupenda. Angekuwa adui ningejua la kufanya. Ningemchukia nikalala.

Haya, ya kampuni ni mafupi. Mchezo una wenyewe watatu, na mmoja akikataa hakichapwi kitu, na mimi nilishakataa, kwa hiyo walitupigia simu tuelewane. Dada mmoja mwenye sauti nzuri. Hakuniuliza jina. Akasema picha ile ndiyo watakayoweka juu ya kasha, wameijaribu kwa watoto na watoto wamepiga yowe. Nikamuuliza Nadhifu amekosa nini. Akasema, "Ah, yule hatishi dada yangu, amekaa kama afisa mikopo." Paskali, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka yote hii, wa kwanza kukielewa kile kiumbe chako amekielewa na hajui kama ameelewa.

Halafu wakatoa suluhu yao. Wakasema sawa, kwa heshima ya marehemu, meno watayafanya meupe. Miguu ibaki.

Nilikata simu. Ema akawapigia yeye, akiwa amekaa kwenye kiti chako pale dukani, akawaambia anaondoa michoro yake yote, ya mlima, ya ziwa, yote. Nilimtazama akisema hivyo, na ile ilikuwa kazi aliyoiota tangu shuleni, na yangu pia, na yako. Basi toleo jipya hakuna. Kasha hakuna, dadu za dukani hakuna. Mtaani wanatuona wapumbavu. Yule dada wa saluni amesema si mngewaacha tu, marehemu hasomi. Sijaenda kusuka kwake tangu siku hiyo, nafunga kitambaa.

Ndiyo, naona hasara. Usidhani naringa. Naamka asubuhi nawasha mashine nachapa mitihani ya watu, na nakumbuka lile jina lililonyanyuka chini ya kidole, nataka kutupa kitu. Wewe ungejua la kusema ili tupate vyote viwili. Wewe ungewachekesha wale watu mpaka wakubali. Lakini wewe ulikuwa na haraka ya mbegu.

Sasa sikiliza la mwisho.

Ema alirudi Jumamosi iliyofuata, na karatasi ameiviringisha. Akaniambia anataka tucheze, toleo letu la zamani, lile la pini, na tuchezee Singe. Nikamwambia sijakusamehe. Akasema anajua. Tukaenda mchana, mama akatandika mkeka, akaleta na karanga. Nikachukua kiti cha msimulizi kwa sababu hakuna mwingine. Dadu zako za mbao ndizo tulizotumia. Ile moja uliyokosea kuichonga bado inaangukia upande uleule.

Mama Paskali akasema, na yeye anacheza.

Tukatazamana. Akasema, "Mnashangaa nini? Mimi ni mgeni, napanda mlima." Akapanda. Alipiga hodi kila pango, akaamkia kila zimwi, akajieleza, ukoo wake, ukoo wa mumewe, kisima wanachochota, mpaka mazimwi yako yakachoka kumsikiliza. Alipoteza sikio moja na mbuzi wawili. Tukafika juu, kwa Nadhifu, nikatafuta ile picha yako ya kalenda niiweke mezani. Ema akasema ngoja, akafungua karatasi yake.

Amelichora upya. Shati la pasi, miguu iliyonyooka, meno meupe yote. Na uso ni wake mwenyewe. Ema, Paskali. Kila kitu, hadi ule mwanya. Mtu aliyekulia Moshi kwenye maji mazuri, amejiweka pale akitabasamu, akamtazama mama yako.

Nikafanya kazi yangu. Nikasimulia: zimwi linakukaribisha, linakupa kiti, halikuulizi kitu. Nikashika dadu nirushe, kwa sababu sheria yako inasema hapo hakuna la kufanya ila dadu.

Mama akainua mkono. Hakuongea na mimi, aliongea na ile picha. "Na wewe," akasema, "wewe ni mtoto wa nani?"

Hujaandika kitu hapo! Nimepekua kurasa zote za pini, nimepekua na nyuma yake. Uliandika zimwi lisilouliza, hukuandika kwamba kuna siku mtu ataliuliza lenyewe. Nilibaki na dadu mkononi. Ema ameinamisha kichwa. Mama anangoja, mikono mapajani. Nilikutafuta, wallahi niligeuka kabisa kuangalia kigoda chako, ili useme sheria inasemaje, na kigoda kilikuwa na beseni la karanga juu yake. Nimekulilia msibani, nimekulilia dukani, lakini sijawahi kukuchukia kwa kutokuwepo kama dakika ile.

Nikaweka dadu chini. Nikasema kwa sauti ya Nadhifu, na sauti yenyewe ilitoka mbovu, "Sijawahi kuulizwa."

Mama yako akasogea kwenye mkeka akapapasa nafasi pembeni yake. "Basi kaa," akasema. "Utatuambia taratibu." Na Ema, mtu mzima, akatoka kwenye kochi akaja akakaa pale.

Bado nina hasira naye. Nimemwambia, na amesema anaisubiri iishe, hana safari. Picha ile uliyochorewa pembe tuliichoma jikoni kwa mama, ugali ukaivia juu yake, tukala. Nakuahidi hakuna mtoto nchi hii atakayefundishwa kulenga magoti yako, niwe hai au nisiwe. Na mchezo utatoka, Paskali, kwa mashine inayovuja kama itabidi, na mazimwi yote yatauliza watu kwao.

Sasa salamu. Hujambo? Mama anakusalimu, sikio la mchezo amerudishiwa. Ema anakusalimu. Kofia yako nimeifua. Pumzika, rafiki yangu, na usiende mahali kwa haraka tena.

Na kwenye ukurasa wa Nadhifu nimeongeza sheria kwa mkono wangu, chini ya zako: zimwi likiulizwa lenyewe ni mtoto wa nani, mchezo unasimama mpaka lijibu. Najua hukupenda watu waguse sheria zako. Ukikataa, njoo unikatalie mwenyewe.

Vero